Ibada Ina Saa Yake, Mafundisho Hayana

Ukisimama leo katika kikao cha wazazi, iwe Buhongwa, Igoma au Kisesa, hapa kwetu Mwanza, ukasema watoto waongezewe muda wa dini ndani ya saa za masomo, utapigiwa makofi. Hoja hiyo imeota mizizi kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuitetea. Maadili yameporomoka, wanasema. Mtoto wa siku hizi hamwamkii mkubwa, simu imemharibu, binti anapata mimba kabla hajamaliza kidato cha pili. Dawa ni dini, na dini itampata wapi kama si shuleni anakoshinda kutwa? Kipindi kimoja cha dini kwa wiki hakitoshi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: kwa kuwa madarasa yamefurika na mwalimu wa dini mmoja anahudumia shule kadhaa, watoto watoke, waende kanisani au msikitini wafundishwe huko, kisha warudi kumalizia hesabu na Kiingereza.

Mimi napinga, na ninapinga nikiwa mtu wa dini. Nataka wanangu wamjue Mungu. Nataka wajue kusali, kufunga na kuogopa dhuluma. Nisichotaka ni kazi hiyo ifanywe kwa kengele ya shule ya serikali, kwa rejista ya shule ya serikali, na kwa saa ambazo Mtanzania wa kila imani amezilipia kodi ili mtoto asome.

Kosa kubwa la wanaoitetea hoja hii ni kufunga ibada na mafundisho katika fungu moja. Ibada ina saa yake. Swala ya Ijumaa haisogezwi hadi saa kumi alasiri ili kumpisha mwalimu wa fizikia. Sabato ya Mwadventista huingia jua likitua Ijumaa na kutoka jua likitua Jumamosi, na hakuna mkuu wa shule awezaye kuihamishia Jumatano. Mafundisho ni jambo jingine kabisa. Kuhifadhi Juzuu Amma, kujiandaa kwa komunyo ya kwanza au kipaimara, kuisoma Biblia kitabu baada ya kitabu, yote haya yanawezekana Jumatatu jioni kama yanavyowezekana Jumamosi asubuhi, wala hayapungukiwi thawabu. Na ndivyo yalivyofanyika miaka yote. Mtoto wa Kirumba au Mabatini hutoka shule, akavua sare, akavaa kanzu, akakimbilia madrasa. Katekista wa kigango huko Sengerema hakuwahi kusubiri waraka wa wizara ndipo akusanye watoto chini ya mwembe.

Kwa hiyo pale ibada inapogongana na ratiba, ratiba ndiyo ipishe. Hapo siko pamoja na wale wanaonitangulia kwa kusema serikali haina dini, basi kila mtu aache imani yake getini. Wiki yetu yenyewe si tupu. Tuliirithi kutoka kwa wakoloni ikiwa na Jumapili ya mapumziko ndani yake, na Mkristo wa Mwanza hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda misa kwa sababu kalenda ya nchi ilishampa. Mwislamu hakupewa. Anayemnyima mwanafunzi wa Kiislamu nafasi ya kwenda Ijumaa kwa jina la usawa anamtoza gharama ambayo jirani yake hajawahi kuilipa.

Tena huku kwetu gharama hiyo ni kubwa kuliko pwani, na sijawahi kusikia mtu akilisema hili. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi zaidi ya 6, lakini saa zetu za ukutani ni zile zile. Jua hutufikia utosini karibu dakika 25 baada ya kuwafikia wao. Adhuhuri ya Mwanza huingia kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kutegemea mwezi. Hotuba na rakaa mbili zikiisha, na mtoto akirudi kwa miguu kutoka msikiti wa jirani, saa nane inagonga. Ruhusa inayomtosha mwanafunzi wa Temeke haimtoshi wa Igogo. Mkuu wa shule anayepanga mtihani wa ndani Ijumaa saa saba amefanya uonevu, hata kama hakukusudia. Anayewaita wanafunzi masomo ya ziada Jumamosi na kumwadhibu Msabato asiyefika anafanya uonevu ule ule, na Wasabato si wachache katika ukanda huu wa ziwa, hasa ukishapita Magu kuelekea Mara. Majirani zetu wa Kenya walifikishana mahakamani kwa jambo hilohilo, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba wanafunzi wa Kiadventista lazima wapewe nafasi ya kuitunza Sabato. Walisubiri miaka mingi kupata haki ambayo mkuu wa shule mwenye busara angeitoa kwa kupanga upya ratiba.

Hayo ni ya ibada. Sasa turudi kwenye mafundisho.

Neno la kwanza utakaloambiwa ni kwamba ni saa moja tu kwa wiki. Saa moja ya kufundishwa nje ya shule haiwi saa moja. Watoto wapangwe mistari, wahesabiwe, wavuke barabara ya Musoma au ya Shinyanga yenye malori na daladala, wafike, watulie, wafundishwe, wahesabiwe tena, warudi, wanywe maji. Umekula saa mbili. Chukua wiki 35 tu za masomo kwa mwaka: saa 70. Kwa shule inayofundisha saa sita kwa siku, ni karibu siku 12, yaani zaidi ya wiki mbili za shule. Mtoto wa shule binafsi ya bweni pale mjini hataziacha wiki hizo mbili. Wa shule ya kata ndiye ataziacha, yule ambaye tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 amekuwa akigombea dawati na wenzake katika darasa lililojaa hadi mlangoni. Tumemfungulia mlango wa shule bila ada, jambo jema ajabu, halafu tunataka kumtoa nje kwa mlango wa pili.

Neno la pili ni ridhaa ya mzazi. Mzazi akisaini fomu, wanauliza, wewe ni nani wa kuzuia? Wanaosema hivyo wafike kwenye mialo. Baba yuko kambini visiwani anakovua, harudi mpaka giza la mwezi liishe. Mama anaanika dagaa au yuko mnadani. Mtoto analelewa na bibi. Fomu itasainiwa na nani? Itasainiwa na mtoto mwenyewe kwa mwandiko aliouazima, au na kaka yake, na mwalimu ataipokea kwa sababu ana fomu nyingine mia moja mezani. Na huyo mtoto ni wa dini gani? Baba Mwislamu, mama wa kanisa la AIC, bibi anatambikia wazee wake kama Wasukuma walivyotambika kabla ya Padri yeyote kutia nanga Kageye. Nyumba kama hizo zimejaa kandokando ya ziwa hili, na watu wake wanakula sahani moja bila kuulizana. Ni fomu ya shule itakayowauliza.

Serikali yetu ilikuwa na hekima katika hili. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake. Tumehesabiwa mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2022 Mkoa wa Mwanza ulikutwa na watu 3,699,872, na hakuna aliyeandikwa huyu wa msikiti, huyu wa kanisa. Yapo malalamiko juu ya uamuzi huo, nayafahamu, lakini sababu yake inaeleweka: idadi za dini zikishajulikana, kila mgao utapimwa kwazo. Sasa jambo ambalo karani wa sensa amezuiwa kulifanya tunataka mwalimu wa darasa alifanye kila Januari, kwa kalamu nyekundu, mbele ya watoto wa miaka tisa. Wa Kikatoliki simameni. Waislamu simameni. Walokole. Wasabato. Je, wewe uliyebaki umekaa?

Huyo aliyebaki amekaa ndiye ninayemwandikia makala haya. Katika shule moja kando ya ziwa, ambayo sitaitaja, nilikuta kipindi cha dini kinaendelea. Vyumba viwili vilikuwa vimejaa. Uwanjani walikuwapo watoto kama kumi na kitu wanachota maji na kufyeka nyasi. Nilipouliza, nikaambiwa hao hawana mwalimu. Wengine walikuwa wa makanisa madogo ambayo mchungaji wake ni fundi seremala siku za kazi, hawezi kuacha randa kuja kufundisha saa nne asubuhi. Wengine kwao hakuna kanisa wala msikiti. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuwaadhibu. Mwalimu wa zamu alikuwa tu hataki wazurure. Lakini mtoto hasomi nia ya mwalimu. Anasoma jembe alilopewa. Anachojifunza pale ni kwamba ambaye hana dini inayotambuliwa na ofisi anafyeka.

Marekani wamelijaribu jambo hili kwa zaidi ya karne moja, tangu mji wa Gary, jimbo la Indiana, ulipoanza kuwaachia watoto saa za dini mwaka 1914. Mahakama yao ya Juu ilikataza mwaka 1948 dini kufundishwa ndani ya majengo ya shule za umma, katika kesi iliyotoka Champaign, Illinois, kisha mwaka 1952 ikaruhusu watoto wa New York watoke nje kufundishwa, kwa idhini ya mzazi na bila fedha za umma. Majaji sita waliafiki, watatu wakapinga. Mmoja wa waliopinga, Robert Jackson, alieleza kwamba kwa mpango huo shule imegeuka gereza la muda kwa mtoto asiyekwenda kanisani. Na huyo hakuwa adui wa dini. Alisema wazi kwamba watoto wake mwenyewe wamesoma shule za kanisa, kwa hiari na kwa gharama za wazazi. Alichokataa ni shurti. Leo mpango huo unashamiri upya huko, na jimbo la Ohio lilipitisha sheria iliyosainiwa Januari 2025 ikizilazimisha wilaya za shule kuwa na utaratibu wa kuwaachia watoto. Wanaotaka tuige Ohio wakumbuke kwamba shule zao zina mabasi. Zetu zina njia ya vumbi na bodaboda.

Sisi tuna historia yetu inayotosha, hatuhitaji ya Ohio. Shule ya kisasa ilifika ufuko huu mkononi mwa dini. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Kageye mwishoni mwa 1878 na kufungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walikaa Nassa, ambako Africa Inland Mission iliwapokea mwaka 1909. Waliacha hospitali, waliacha watu wanaojua kusoma, na mimi sitawatukana watu ambao makaburi yao yako hapa. Lakini tusijifanye hatujui bei ya daftari siku zile. Mzazi wa Kiislamu alimficha mtoto asiende shule ya misheni kwa hofu ya kurudishiwa mtoto mwenye jina jipya, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Uhuru ulipofika, Waislamu walikuwa nyuma katika shule za sekondari kwa umbali ulioonekana kwa macho, na uchungu wake unasikika hata leo.

Ndiyo maana sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku na kuzifanya za wote. Ihungo ya Bukoba ilitwaliwa. Pugu ilitwaliwa, na rais aliyekuwa madarakani alikuwa Mkatoliki aliyefundisha Pugu hiyohiyo. Nyerere hakuwa anaichukia dini. Kila aliyemfahamu Butiama anajua alivyosali. Alijua tu kwamba mlango wa darasa ukiwa ndani ya mlango wa kanisa, wapo watoto hawatauvuka. Kipindi cha dini kilibaki katika ratiba kama maafikiano, na kwa zama zile nayaheshimu. Nusu karne imepita. Maafikiano hayo sasa yanavutwa yawe kitu kipya, shule iwe kituo cha kukusanyia watoto na nyumba za ibada ziwe matawi yake. Katiba ya 1977, ibara ya 19, inaiweka shughuli ya kueneza dini kuwa ya hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu mkuu ni mamlaka ya nchi. Rejista yake ni ya mamlaka ya nchi. Mtoto anayechapwa kwa kutoroka katekesi ya saa nne asubuhi amechapwa na mamlaka ya nchi kwa kosa la kutohudhuria dini.

Wengine wataniona ninatishia bure. Wakumbuke mwaka 2013. Kanda hii ya ziwa iligawanyika kwa swali la nani achinje ng'ombe wa buchani. Huko Buseresere, mkoani Geita, damu ya watu ilimwagika, na mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wakiuziana samaki na kuzikana kwa miaka walishikiana mapanga kwa ajili ya kisu cha machinjioni. Kama nyama ilitufikisha pale, mtu anawezaje kulala usingizi akijua tunawapanga watoto mistari kwa dini zao katikati ya siku ya shule, wiki hadi wiki, kuanzia darasa la kwanza? Shule ya serikali ni mahali pekee palipobaki ambapo mtoto wa imamu na wa mzee wa kanisa wanagombea mpira mmoja bila mtu mzima kuwakumbusha kwamba wao ni tofauti. Sikubali tupaguse.

Tuje kwenye maadili, maana ndiko makofi yanakotoka. Kizazi kinachokaa maofisini leo kilipitia kipindi cha dini. Waliokula fedha za miradi ya maji walikuwa katika vyama vya dini vya wanafunzi, UKWATA, TYCS na TAMSYA, enzi zao, waliimba kwaya na kusoma kaswida. Silisemi hili kuidhalilisha dini. Vyama hivyo vimelea pia watu waadilifu mno, baadhi yao walinifundisha. Nasema kwamba dakika arobaini za darasani hazijathibitika kuwa ndizo zinazomtofautisha mwizi na mwaminifu. Tena wizara imeshaweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, linalofundishwa kwa watoto wote wakiwa wamekaa pamoja. Anayelia kuhusu maadili aanze kwa kuuliza kama somo hilo lina vitabu na mwalimu katika shule ya kijiji chake.

Mimba za wanafunzi ninazijua sababu zake, na kila mzazi wa mwaloni anazijua. Ni binti anayetembea kilomita nyingi kwenda shule isiyokuwa na bweni wala chakula cha mchana, na mwanamume mwenye fedha ya samaki au pikipiki anayemngoja njiani. Kumtoa binti huyo nje ya uzio wa shule saa nne asubuhi, kwa kisingizio cha kumwokoa, ni kumwongezea njia nyingine ya kutembea. Hapo akipotea, nani atawajibika? Mwalimu atasema alimtoa salama, katekista atasema hakufika.

Nikiulizwa nataka nini, nataka haya. Ijumaa vipindi vizito viishe kabla ya saa sita na nusu, na mchana uwe wa michezo, usafi na klabu kwa watoto wote, ili anayekwenda kuswali asikose kitu ambacho aliyebaki amekipata. Jumamosi isiwe siku ya lazima ya kitu chochote. Mafundisho ya dini yote, pamoja na kipindi cha dini tulichonacho sasa, yahamie baada ya kengele ya mwisho. Madarasa yabaki wazi alasiri na yaazimwe kwa yeyote anayekuja na barua ya wazazi, iwe parokia kubwa ya mjini, iwe kanisa la mabati la yule seremala, ambaye saa kumi atakuwa ameweka randa chini. Shule za bweni nazitenga: mtoto aliyefungiwa Bwiru au Nsumba hawezi kwenda nyumbani jioni, kwa hiyo shule inadaiwa kumpa njia ya kufika kwenye ibada na kukutana na walezi wa imani yake, lakini hata huko iwe baada ya masomo na mwisho wa wiki.

Viongozi wa dini wamewahi kunijibu kwamba baada ya masomo watoto hawaji. Wanachoka, wana njaa, wanatumwa sokoni. Ni kweli baadhi hawatakuja. Basi kiongozi ajue kwamba wale sitini aliokuwa nao saa nne asubuhi hawakuwa wake, walikuwa wa kengele. Abishe hodi kwa wazazi. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki hukutana majumbani alfajiri ya Jumamosi bila serikali kupiga kengele, na madrasa za uswahilini zinajaa kila alasiri kwa ada ndogo anayopewa ustadhi mkononi. Kama njaa ndiyo inayowazuia watoto wasije, kanisa na msikiti wana wafadhili na waumini: wapike uji, wawanyweshe watoto wote watakaofika, kisha wafundishe.